Chungwa Namba Themanini na Nane

Mwezi wa nane tulimwaga machungwa baharini,
mia mbili, kila moja na namba yake kwa wino mweusi,
na magunia sita ya bisi zisizotiwa chumvi
ziwe mafuta, kwa siku moja tu, ya mazoezi.
Shakwe wakayala mafuta.
Nahodha wa Kifini alicheka redioni hadi akapaliwa,
nami, Helju, afisa wa zamu upande wa Estonia,
nikaandika daftarini: umwagikaji umedhibitiwa na ndege.

Jioni tukahesabu. Mia moja tisini na saba.
Mkubwa wangu akasema, matatu si neno.
Nikaandika: matatu, hayajulikani yaliko.
Ndivyo nilivyo. Sufuria ikikosa kifuniko chake
silali.

Wiki mbili baadaye ikaja bahasha kutoka ng'ambo,
mwandiko unatetemeka, stempu imebandikwa kichwa chini:
"Nimeliokota gatini pangu, penye kibanda cha mvuke.
Namba 88. Nimelila. Lilikuwa na chumvi.
Je, mnalidai?
Impi Sarkola, Hästvik."

Nikachomeka kipini chekundu kwenye ramani,
katika kighuba kisichotosha hata jina lake kuandikwa.
Nikampigia Kauko, ambaye namjua kwa sauti tu,
miaka tisa ya sauti,
katika lugha ya tatu, si ya mama yake wala ya mama yangu,
tunayoivaa wote wawili kama buti za kuazima.
Naye akachomeka chake.

Novemba, saa tisa na dakika kumi usiku,
meli yenye jina la ua ikapanda mwamba wetu.

Mezani walikuwapo waliotaka kwanza kujua
mafuta ni ya nani.
Mwamba ni wetu, meli ni ya watu wa mbali,
upepo unaelekea kwao;
nani atalipia dizeli, nani atalipia glavu,
na fomu ya kuomba msaada ina kurasa kumi na nne
na pengo la saini ya mtu aliyelala.
Tangi lilikuwa linavuja
bila kusubiri saini.

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji.
Lakini usiku ule wembe ulikuwa mmoja na kichwa kimoja,
kimelala huku na huku
ya mstari wa zambarau uliochorwa majini na watu wa nchi kavu.

Nikanyanyua simu. Sikutaja ibara wala itifaki.
Nikasema: "Kauko, fuata chungwa."
Kimya. Kisha kiti kikaburutwa sakafuni,
ng'ambo ya bahari, nikakisikia.
"Themanini na nane," akasema. "Haya."

Kulipopambazuka, vizuizi vyao vya mpira
vilikwisha tandazwa mdomoni mwa Hästvik,
na mafuta yakaja, mazito, hayana haraka,
kama mgeni aliyetanguliwa na barua yake.
Meli zetu mbili zikayazuia ubavuni, zao tatu zikayafyonza,
na kufikia adhuhuri bendera zote
zilikuwa rangi moja, ya lami.

Sitasema tulishinda.
Bata arobaini na mmoja walikufa; niliwaandika.
Mawe ya upande wetu yanateleza mpaka leo,
ukiyashika mkono unanuka gereji.
Fomu ilisainiwa siku ya tatu.

Mwezi wa nane unakuja tena. Nimeagiza machungwa
mia mbili, na moja la ziada
lisilo na namba wala chumvi,
la Impi, litakalokwenda kwa posta.

Na yale mawili, la kumi na tatu na la mia na arobaini,
bado nayatafuta.